Vitu vya Kwenda Navyo Makerere

Katika gazeti letu hili huandikwa kila mwaka habari za mpira, za kwaya, na za safari ya wanafunzi wa jiografia. Sijapata kuona humo habari ya jambo ambalo sisi wa Senior Six hulizungumza karibu kila usiku baada ya taa kuzimwa, nalo ni hili: mtu akijaliwa kupita mtihani akaitwa chuo kikuu, afunge nini katika sanduku lake? Wengine watasema jambo hilo si la kuandikia gazeti. Mimi naona ni jambo kubwa, maana nimeliona kwa macho yangu nyumbani kwetu, na niliyoyaona nitawaeleza. Nimeliandika katika sehemu ya Kiswahili kwa sababu habari za sufuria na magodoro haziendi vizuri kwa Kiingereza.

Hapa shuleni hatuna taabu ya kufikiri. Mtoto akipokewa Senior One hupewa karatasi moja iliyopigwa chapa: godoro la futi mbili na nusu, shuka mbili, blanketi moja, chandarua, beseni, ndoo, kandambili, jembe, fyekeo, ufagio, rimu mbili za karatasi, na karatasi za chooni. Mwalimu wa zamu husimama langoni na karatasi hiyo mkononi, akitia alama kimoja kimoja, na asiyekuwa na ufagio huambiwa arudi sokoni akanunue. Tulikuwa tukinung'unika sana juu ya mafyekeo hayo. Lakini karatasi ile ilikuwa na wema wake. Mtoto wa mwenye mabasi huleta jembe, na mtoto wa muuza muhogo huleta jembe, na majembe yakiisha kutiwa ghalani hakuna ajuaye lipi ni la nani. Kwa miaka 6 sikupata kujiuliza kama vitu vyangu ni vingi au vichache.

Anayekwenda kupanga chumba nje ya chuo hapewi karatasi ya namna hiyo na mtu yeyote. Wala haikuwa hivyo tangu zamani. Katika siku ya wanafunzi wa zamani alikuja mzee mmoja aliyetoka hapa akaingia Makerere mwaka 1966, wakati Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vitatu vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kilichodumu tangu 1963 mpaka 1970. Alituambia kwamba alikwenda na sanduku dogo lenye nguo na kamusi tu. Kitanda, godoro na chakula alivikuta huko huko bwenini. Mwenzake wa chumbani alitoka Tanga, na huyo ndiye aliyemnyoosha Kiswahili chake. Tulimsikiliza kama watoto wanaosimuliwa hadithi za sungura.

Mambo yamegeuka kwa sababu ya hesabu tu. Makerere ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na watu 14 si wengi. Katika miaka ya 1990 chuo kilipoanza kupokea watu wa kujilipia wenyewe, wanafunzi wakazidi sana vitanda vya mabweni, na wenye viwanja huko Kikoni, Wandegeya na Nakulabye wakajenga hosteli. Wengi siku hizi hulala huko. Ukifungua mlango wa hosteli unakuta kitanda, pengine meza na kiti, na kuta nne. Mengine yote ni juu yako.

Basi kaka yangu aliitwa Makerere mwezi wa Agosti 2024, kusomea ualimu, kwa kujilipia. Baba aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada. Mkuu wa shule alinipa ruhusa ya siku 4 nimsindikize, maana Baba mguu ulikuwa ukimwuma na sanduku lilihitaji watu wawili. Nilifika nyumbani jioni, nikawakuta wote wamelizunguka sanduku kama watu wanaotazama mgonjwa.

Sanduku lenyewe ni la bati, la babu yetu aliyekuwa askari polisi zamani, na namba yake bado yaonekana chini ya rangi ya kijani. Kwetu sanduku ni hilo moja tu. Mimi mwenyewe nilikuja hapa shuleni nalo. Senior Five nikaja na mfuko, ili kaka aliyekuwa akingojea kwenda chuo aanze kulitengeneza bawaba. Kabla ya usiku ule sikuwa nimefahamu kwamba katika nyumba kama yetu kila kitu kinachoingia sandukuni kimetoka mahali fulani, na mahali pale panabaki wazi. Dukani si hivyo. Dukani ukichukua sufuria, nyuma yake ipo nyingine.

Mama alitia sufuria ya wastani na mfuniko wake. Mfuniko ule ulikuwa ukifunika na sufuria kubwa vile vile, ingawa haukuitosha sawasawa. Mpaka leo maharagwe ya nyumbani hufunikwa kwa sahani. Akatia vikombe viwili kati ya vitano. Kaka akasema kimoja kinatosha. Mama akamwuliza, "Mgeni wako atakunywa kwa kiganja?" Akatia kopo la ufuta uliosagwa pamoja na karanga, unga wa muhogo, chupa ya asali, na kifurushi cha angara, wale samaki wakavu wanaotoka Panyimur. Juu ya hao angara nitasema baadaye.

Kisha akatia taa.

Wasomaji wanaokaa mjini hawatajua ninasema nini, kwa hiyo yafaa nieleze. Kijijini kwetu nguzo za umeme hazijafika. Tuna taa moja ya jua, yenye kibao chake kinachowekwa juu ya paa asubuhi na kushushwa jioni, na taa hiyo ndiyo iliyonifikisha mimi Senior One, na kaka kabla yangu. Mwaka ule dada yetu mdogo alikuwa Primary Seven. Kaka akaitoa taa sandukuni, akasema Kampala kuna umeme. Mama akaitia tena, akaifunika kwa shuka, akasema, "Na umeme ukizimika? Umekwenda kusoma au kulala?" Kaka akaitoa mara ya pili. Mama akakasirika kweli, maana kwake ilikuwa kama mtoto anakataa kupewa. Dada alikaa karibu na mlango, hakusema neno, lakini nilimwona anaihesabu ile taa kila inapotoka na kila inapoingia.

Baba hakuingia katika ugomvi ule. Alimwita dada akamwuliza, "Mtihani wenu ni mwezi gani?" Akajibu, "Novemba, Baba." Baba akasema, "Basi taa ina kazi hapa mpaka Novemba." Akageuka akaendelea kukanda mguu wake. Mama alikaa kidogo, akaingia chumbani, akatoka na blanketi lake mwenyewe, lile zito, akalikunja akaliweka mahali ilipokuwa taa. Hakuna aliyethubutu kulitoa.

Nasema kweli, blanketi lile halikuhitajika sana. Arua na Kampala zote ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yao haitofautiani kwa kiasi cha kumtisha mtu. Lakini mtu hawezi kumweleza mama yake jiografia usiku wa namna ile.

Kutoka Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500, na barabara huvuka Mto Nile mara mbili, kwanza Pakwach, kisha Karuma. Sanduku lilikaa chini ya basi. Hati zake kaka alizishika magotini njia nzima, ndani ya mfuko wa plastiki: vyeti vya mitihani, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, barua ya kuitwa chuo, na picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Hapa natia mkazo kwa wadogo zangu. Shuka iliyopotea hununuliwa nyingine, lakini cheti kilichopotea kitakutembeza ofisi kwa ofisi mpaka mwaka uishe. Fanya nakala za kila hati kabla ya kuondoka, nazo nakala ziweke mahali pengine, si katika mfuko ule ule. Tuliposimama Karuma kununua viazi, kaka alishuka na mfuko wake kifuani, akanunua, akapanda nao.

Tulifika Arua Park alfajiri, tukapanda boda boda mbili, mimi na sanduku katika moja, kaka na ndoo na godoro katika nyingine. Watu wa Kampala hawakututazama hata kidogo, nami nilikuwa nimejitayarisha kutazamwa. Mlimani Jengo Kuu lililoungua Septemba 2020 lilikuwa halijafunguliwa bado. Lilikuja kufunguliwa Oktoba mwaka ule. Tukateremka Kikoni.

Hosteli sitaitaja jina. Chumba kilikuwa cha watu wawili, ghorofa ya tatu. Jambo la kwanza tuliloligundua ni kwamba kitanda kilikuwa cha futi tatu, na godoro la kaka, lile lile la hapa shuleni, ni la futi mbili na nusu. Nusu futi yote ilibaki mbao tupu, na mtu akigeuka usiku mkono hutumbukia. Kaka alijaza pengo kwa nguo alizozifunga ndani ya gunia, na kwa miezi mitano alilala hivyo, kila anapotaka shati anabomoa kitanda. Kwa hiyo nasema: usibebe godoro la shule kwa basi ukalipa na nauli yake kabla hujajua kipimo cha kitanda. Ulizia kwanza. Kama huna wa kumwuliza, nenda na blanketi, ununue godoro huko huko.

La pili ni maji. Maji ya Kampala huvutwa kutoka Ziwa Victoria, husafishwa Ggaba, kisha husukumwa kupanda vilima, na bomba la ghorofa ya tatu ndilo la mwisho kupata na la kwanza kukosa. Kaka alikuwa na jerikeni moja ya lita 20. Lita 20 za maji ni kilo 20, na ngazi za pale nilizihesabu, zilikuwa 54. Mwenzake wa chumbani alikuwa na jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, akapanda kama mtu anayetembea barabarani, hali sisi tulipanda tumepinda upande mmoja. Tangu siku ile nimeziamini jerikeni ndogo. Na ndoo iwe ya mfuniko. Njiani hufungwa ndani yake sahani, kikombe, sabuni na viatu, na ikifika huwa ghala la maji.

Chandarua usikiache. Serikali imegawa vyandarua vyenye dawa bure kwa watu zaidi ya mara moja, na nyumba nyingi zinavyo. Lakini wengi hukiacha nyumbani wakidhani mbu ni wa kijijini. Kama ni kipya kikatoka katika mfuko wake, kianike kivulini siku nzima, usiku na mchana, kabla ya kulala ndani yake, wala si juani, kwa sababu jua huiharibu dawa. Chukua na kamba za kutosha, maana wenye hosteli hawapendi misumari katika kuta zao, na bila kamba chandarua ni nguo tu.

Sasa habari ya umeme, na hapa wanafunzi wa fizikia waniwie radhi nikirudia somo. Kila mtu anayekwenda hosteli hununua ekstensheni, tena ya bei ndogo, kwa sababu soketi ni moja na watu ni wawili. Umeme wetu ni wa volti 240. Ekstensheni iliyoandikwa ampea 13 yaweza kubeba wati 3,120, wala haizidi hapo. Birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000. Pasi, tuseme 1,000. Jiko dogo la umeme 1,500. Vyote vitatu vikiwashwa pamoja ni wati 4,500, yaani karibu ampea 19, na waya mwembamba uliokunjwa chini ya kitanda, penye godoro la sponji na gunia la nguo, hupata moto mtu asipoona. Nililipiga hesabu hilo pale pale juu ya ukuta kwa chaki. Mwenzake kaka, anayesoma sheria, alisema hajapata kuona ampea. Lakini birika lake alilichomoa.

Wanaoona umeme ni ghali huingiza jiko la makaa chumbani wakati wa mvua na kufunga dirisha. Huko si kupika. Makaa yanapoungua kwa hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Jiko la makaa ni la nje, na kama hakuna nje, basi kula chapati ya mayai ile waiitayo roleksi ukalale. Wandegeya inauzwa mpaka usiku sana.

Nilisema nitarudi kwa angara. Mwenzake kaka ni kijana wa upande wa Mbarara, na kwao wako watu ambao samaki hawali kabisa, wala hawapendi kukaa navyo nyumba moja. Kifurushi cha Mama kilipofunguliwa, yule kijana alitoka nje akasimama barazani, kwa adabu, kama mtu anayepunga upepo. Kaka akatoka naye. Sijui walisemezana nini, lakini waliporudi angara walitiwa ndani ya kopo la mfuniko, kopo ndani ya mfuko, na mfuko ukafungiwa sandukuni. Na ikakubaliwa kwamba wapikwe siku ya Jumamosi, wakati yule mwenziwe anapokwenda kwa shangazi yake. Yule naye alikuwa na chupa ya samli ya kwao, ambayo harufu yake kaka hakuipenda, nayo ikapewa siku yake. Wanaishi vizuri mpaka sasa. Nawashauri wale wa kwetu wasiache chakula cha nyumbani, maana wiki ya kwanza fedha hukimbia kama maji, na kopo moja la ufuta lilimlisha kaka siku 9 kwa mkate mkavu. Lakini mchukue vyakula vinavyofunikwa.

Nguo nitazipitia upesi. Tumezoea sare, na mtu akiambiwa avae atakavyo siku saba za juma anaogopa, anakopa, ananunua mashati ya mitumba huku Arua kwa bei ya mtu mwenye hofu. Mitumba hiyo yatoka Kampala, ndiko inakofunguliwa. Mwenye kusubiri mpaka afike soko la Owino hataongezewa nauli ya basi katika bei ya shati. Kompyuta ni nzuri kwa aliye nayo. Asiye nayo aulize za maktaba, asimwuze Baba ng'ombe wa tatu. Kufuli chukua mbili, ya mlango na ya sanduku, na funguo usizitie zote katika pete moja.

Umeme ulizimika Kikoni usiku wa pili, nami nilikuwapo bado. Kaka alisoma fomu zake kwa mwanga wa simu mpaka simu ikafa. Niliporudi nyumbani Mama aliniuliza jambo hilo kabla hajaniuliza kama tulifika salama. Nikamwambia kweli. Hakujibu, ila alimtazama Baba, na Baba akatazama paa, pale penye kibao.

Dada alifanya mtihani wake Novemba, na mwezi wa Januari 2025 matokeo yalipotoka akapata nafasi katika shule ya wasichana ya bweni. Karatasi yake ya vitu ilipofika, ya kwanza kabisa iliandikwa: sanduku la bati lenye kufuli. Baba alianza kuulizia bei sokoni. Alikuwa amekwisha kulipa ada mbili mwezi ule, na bei aliyoambiwa ilimfanya arudi nyumbani bila kununua hata sabuni. Hatukumwambia kaka. Nadhani Mama ndiye aliyemwambia, ingawa mpaka leo anakana.

Wiki moja baadaye kondakta wa basi alipiga simu akasema kuna mzigo wetu Arua. Nilikwenda kuuchukua kwa baiskeli. Lilikuwa sanduku la babu. Kaka alikuwa ametoa vitu vyake vyote akavipanga juu ya ubao kando ya ukuta na ndani ya katoni za sabuni, akalifuta, akalipaka rangi mpya kifuniko, akaandika jina la dada, akalipia shilingi 10,000 ili lisafirishwe kilomita 500 likiwa tupu. Watu wa basi walimcheka kwa kulipia hewa. Si kweli kwamba lilikuwa tupu kabisa. Ndani mlikuwa na madaftari matatu, kalamu, na ule mfuniko wa sufuria. Dada alikwenda shule nalo Februari. Mfuniko Mama aliutazama sana, akaupeleka jikoni, lakini sahani imekwisha kuzoea kazi, na mfuniko hutundikwa.

Sasa mwaka huu ni zamu yangu kuanza kufikiri. Tumebakiza wiki chache tu za mtihani, na panapo majaliwa yake Mungu matokeo yakiwa mema nitakwenda Agosti 2026. Sanduku liko kwa dada, na litakaa kwake miaka 6. Taa iko nyumbani na wale wawili wadogo. Blanketi zito la Mama liko Kikoni. Kwa hiyo orodha yangu nimeiandika kwa namna nyingine: nimeanza na vitu ambavyo vikiondoka nyumbani hakuna atakayelala vibaya, wala kula vibaya, wala kusoma gizani. Ni vichache. Chandarua changu cha hapa shuleni. Shuka zangu mbili. Jerikeni mbili za lita 10, ambazo nimezinunua kwa fedha nilizopata likizoni nikibeba matofali. Ndoo yenye mfuniko. Kikombe kimoja, na mgeni wangu atangoje nimalize. Kopo la ufuta, maana hilo Mama atalitia hata nikikataa. Kufuli nimekwisha kununua, zote mbili. Nguo zitaingia katika gunia safi, na hati kifuani.

Kilichobaki ni godoro, sufuria na ekstensheni iliyo imara, na hapa ndipo ninapowageukia wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili. Kaka ameniambia kwamba kila mwaka, mwezi wa Mei na wa Juni, wanaomaliza chuo huuza vitu vyao haraka haraka kwa wachuuzi wanaosimama karibu na hosteli. Godoro zuri hutoka kwa bei ya chakula cha siku mbili au tatu, kwa sababu mwenyewe ana basi la jioni na hawezi kulibeba. Agosti wachuuzi wale wale huliuza kwa mgeni kwa bei iwapendezayo. Nao wageni ni sisi. Pengine godoro la kijana aliyelala bweni moja nami hapa limepita mkononi mwa mchuuzi, likanunuliwa na kijana mwingine wa hapa hapa, na hakuna kati yao aliyejua.

Je, haiwezekani wanaomaliza waandike majina ya vitu vyao kwa katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani, naye awaambie wanaokuja? Sisemi vitolewe bure. Bei ile ile ya mchuuzi wa Juni itatutosha, na muuzaji hatapoteza kitu. Shida ni mahali pa kuviweka Juni mpaka Agosti. Kaka amekubali kutoa pembe ya chumba chake, na mwenziwe wa Mbarara amekubali pia, kwa sharti kwamba visiwemo vyombo vilivyonuka samaki. Pembe hiyo yatosha magodoro matatu yaliyosimamishwa na sufuria chache. Kama kuna mwingine mwenye pembe huko Wandegeya au Nakulabye, na amwandikie katibu.

Mimi kwa upande wangu nitaacha hapa shuleni jembe, fyekeo, na godoro langu la futi mbili na nusu, ambalo halina tundu. Beseni lina ufa lakini halivuji likijazwa nusu. Mtoto wa Senior One atakayevihitaji Februari aviulize kwa kiongozi wa bweni letu. Ninachotafuta ni godoro la futi tatu kwa sita, la inchi nne, na likiwa na foronya yake ni vema zaidi.